Nani anafaidika barabara ikitiwa lami? Mji wa kompyuta unajibu, lakini kwanza soma kanuni zake

Barabara ya mtaa wa mbali ikitiwa lami, nani anafaidika: mpangaji anayelipa pikipiki kila siku, ama mwenye nyumba? Swali hili linawagusa wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na Lubumbashi. Katika elimu ya uchumi wa miji, wataalamu wamelitafutia modeli tangu zaidi ya miaka 60. Modeli hizo hazifundishwi tena kwa ubao na chaki tu. Kwa msaada wa kompyuta, mwanafunzi anajenga mji mdogo kwenye kioo, anauwekea wakaaji, nyumba, soko na barabara, kisha anauacha utembee na kutazama kinachotokea.

Faida yake ni kubwa. Lakini historia ya miji hiyo ya kompyuta inatoa onyo. Mashini inajibu kufuatana na kanuni ilizoandikiwa, si kufuatana na mji wenyewe. Mwanafunzi asiyezijua kanuni hizo anaweza kutoka darasani akiwa na uhakika mkubwa juu ya jambo lisilo la kweli. Na kama kesho atakuwa mshauri wa meya ama wa gavana, kosa hilo litalipwa na watu wengine.

Soko moja, kilomita na kodi ya nyumba

Mzizi wa modeli hizi ni kilimo. Mwaka 1826, Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba wa Ujerumani, alitoa kitabu juu ya mji mmoja uliozungukwa na mashamba. Aliuliza kwa nini mboga na maziwa hutoka karibu na mji, huku nafaka na mifugo zikitoka mbali. Jibu lake lilikuwa gharama ya njia. Shamba la karibu linamwokolea mkulima pesa za kusafirisha, kwa hiyo watu wanaligombania na bei yake inapanda. Mtu yeyote aliyeona chukudu zikiteremka kutoka Kibumba kuelekea Goma, zimebeba mboga na viazi, anaielewa hesabu hiyo bila kusoma kitabu.

Mwaka 1964, William Alonso, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, aliihamisha hesabu hiyo kutoka mashambani hadi kwenye nyumba za mjini. Wenzake Edwin Mills na Richard Muth waliiendeleza katika miaka iliyofuata, na hadi leo vitabu vya uchumi wa miji huitaja modeli hiyo kwa majina ya hao watatu. Wazo lake ni jepesi: kazi na biashara ziko katikati ya mji, anayeishi mbali analipa njia nyingi na nyumba kidogo, na anayeishi karibu analipa nyumba nyingi na njia kidogo.

Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Mama mmoja anauza sokoni siku 26 kwa mwezi. Kwenda na kurudi, kila kilomita inamgharimu franga 500 kwa siku, ni kusema franga 13.000 kwa mwezi. Kama anapanga nyumba iliyo kilomita 2 kutoka sokoni kwa franga 100.000, nyumba ya namna hiyo hiyo iliyo kilomita 7 itamlazimisha kulipa njia franga 65.000 zaidi. Basi hawezi kuhamia huko isipokuwa kodi ni franga 35.000 ama chini yake. Kodi ya nyumba inateremka kadiri mtu anavyotoka katikati ya mji, kwa sababu njia inakula tofauti yote.

Sasa barabara ile inatiwa lami, na kila kilomita inashuka kutoka franga 500 hadi 300 kwa siku. Zile kilomita 5 za zaidi hazigharimu tena franga 65.000 kwa mwezi, zinagharimu franga 39.000. Mwenye nyumba wa kilomita 7 anajua hesabu hiyo pia. Kama kodi ya karibu na soko inabaki franga 100.000, yeye anaweza kupandisha yake kutoka 35.000 hadi 61.000 bila nyumba yake kukosa mpangaji. Mama aliokoa franga 26.000 kwa njia, na franga hizo hizo 26.000 zikaingia katika mfuko wa mwenye nyumba.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hushtuka. Serikali ilijenga barabara ili kumsaidia mpangaji, na modeli inasema faida ilimpita tu mikononi.

Kompyuta inaongeza nini?

Kwenye ubao, hesabu hiyo inaonekana kama mstari unaoteremka. Mwanafunzi anaukariri kwa ajili ya mtihani, kisha anausahau. Tena mstari unaonyesha mwisho wa safari tu: hauonyeshi nani alihama kwanza, nani alifukuzwa, na iliwachukua watu muda gani kufika pale.

Kompyuta inaonyesha safari yenyewe. Programu moja inayojulikana sana kwa kazi hiyo ni NetLogo, iliyotengenezwa na Uri Wilensky mwaka 1999 na inayoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Inatolewa bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Ndani yake, mwanafunzi hatungi kanuni moja ya mji mzima. Anaandika mwenendo wa kila mkaaji: tazama nyumba zilizo tupu, jumlisha kodi na njia, hamia penye gharama ndogo. Kwa mwenye nyumba anaandika: wateja wakiwa wengi, pandisha, nyumba ikikaa tupu, punguza. Kisha anabonyeza kitufe, na mamia ya wakaaji wanaanza kuhama mbele ya macho yake.

Hakuna aliyewaagiza kulipa zaidi katikati ya mji. Lakini kisha duru nyingi, bei zenyewe zinapanga kilima kirefu katikati, kinachoteremka kuelekea kandoni. Mwanafunzi anaelewa kwamba bei ya kiwanja inaweza kutoka kwenye maamuzi ya watu wengi, kila mmoja akitafuta lake, bila amri ya mtu mmoja.

Baada ya hapo mwalimu anaweza kuuliza swali la barabara, na jibu linategemea mstari mmoja tu wa kanuni. Kama mwanafunzi ameandika kwamba mji umefungwa, yaani idadi ya wakaaji haibadiliki, barabara nzuri inawafanya baadhi wahamie mbali, nyumba za katikati zinapoteza wagombeaji, na kodi za katikati zinashuka. Mpangaji anafaidika. Kama ameandika kwamba mji uko wazi, watu wa nje wanaingia kila mara wanaposikia kwamba maisha ya humo yamekuwa rahisi. Wanaendelea kuingia hadi urahisi ule unapoisha. Kodi ya katikati haishuki, kodi ya kandoni inapanda, na faida inabaki kwa wenye viwanja.

Mji ni ule ule na barabara ni ile ile. Tofauti ni mlango wa mji: umefungwa ama uko wazi. Mwanafunzi aliyegeuza mstari huo kwa mikono yake na kuona mshindi akibadilika hatausahau upesi.

Kitabu cha Boston na mchezo wa dunia nzima

Hatari inaanza pale ambapo mstari wa namna hiyo umefichwa. Mfano wake mkubwa unatoka Marekani.

Mwaka 1968, John Collins, aliyekuwa ameongoza mji wa Boston kama meya kwa miaka 8, alikwenda kufundisha katika chuo cha MIT. Huko alikutana na Jay Forrester, injinia mashuhuri wa kompyuta. Mazungumzo yao yalizaa mji wa kompyuta, na mwaka 1969 Forrester alitoa kitabu juu yake, *Urban Dynamics*. Mji huo ulianza kama ardhi tupu, kisha kompyuta ikauendesha kwa miaka 250: viwanda vinazaliwa na kuzeeka, nyumba zinajengwa na kuchakaa, watu wanaingia na kutoka.

Jibu la mashini lilikuwa kali. Lilisema kwamba kujenga nyumba za bei ndogo kwa ajili ya maskini kunauharibu mji zaidi, na kwamba ni afadhali kubomoa kila mwaka sehemu ya nyumba za mitaa ya maskini, asilimia 5, na kupatia viwanda nafasi. Kwa meya anayetafuta njia ya mkato, maneno hayo yalikuwa matamu. Kwa familia iliyo ndani ya nyumba inayobomolewa, yalikuwa jambo lingine.

Wataalamu wengine walifungua modeli hiyo na kukuta mambo mawili. Kwanza, mji wa Forrester haukuwa na mitaa ya pembeni wala miji jirani. Mtu aliyetoka alipotea katika hesabu, hakuonekana tena. Kwa hiyo kumfukuza maskini kulionekana kama kumaliza umaskini, kumbe ilikuwa ni kumwondoa kwenye karatasi. Pili, tarakimu nyingi zilizoendesha mji huo hazikupimwa katika mji wowote wa kweli. Zilitoka kwenye fikra za mtungaji na mazungumzo yake na watu wenye uzoefu.

Miaka 20 baadaye, kijana mmoja wa Marekani, Will Wright, alikuwa akitunga mchezo wa kompyuta juu ya kujenga mji. Katika usomaji wake alikutana na kazi ya Forrester, na ikawa moja ya vyanzo vyake. Mchezo wake, SimCity, ulitoka mwaka 1989 na ukauzwa duniani kote. Walimu wengi waliuingiza darasani kwa ajili ya somo la jiografia, uchumi na mipango ya miji. Mwaka 2008, kanuni za mchezo wa kwanza zilitolewa wazi kwa jina la Micropolis, ili mtu yeyote aweze kuzisoma. Kabla ya hapo, mchezaji aliona nyumba, magari na moshi, lakini hakuona hesabu iliyoviendesha.

Mtafiti Sherry Turkle wa MIT alisimulia juu ya msichana mmoja wa shule ya sekondari aliyeucheza vizuri sana. Kati ya mambo aliyojifunza, msichana huyo alitaja kwamba kupandisha ushuru daima kunaleta fujo mjini. Katika mchezo, ndivyo ilivyokuwa. Lakini yeye aliichukua kama sheria ya dunia, kwa sababu hakuwa na njia ya kuuliza ni nani aliyeiandika na kwa nini.

Hata mambo madogo yanafichwa. SimCity ya mwaka 2013 ilipokuwa ikitengenezwa, mmoja wa wakuu wake, Stone Librande, alieleza kwamba waliamua kuficha sehemu nyingi za kuegesha magari, kwa sababu wangeziweka kwa kipimo cha kweli, mji ungechosha macho. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa mchezo. Kwa somo la bei ya ardhi, ni kumnyima mwanafunzi sehemu moja kubwa ya jibu.

Vifuniko vya chupa kwenye ubao wa dama

Kuna njia ya kukwepa mtego huo: kuanza na modeli ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuibeba yote kichwani. Mfano bora uliandikwa na Thomas Schelling, mtaalamu wa uchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kati ya mwaka 1969 na 1971 alitoa makala juu ya namna mitaa ya Wazungu na ya Weusi inavyotengana. Hakuhitaji kompyuta. Alitumia sarafu za rangi mbili na ubao wenye miraba.

Darasa lisilo na umeme linaweza kufanya hivyo leo. Unahitaji ubao wa miraba 64, vifuniko 22 vya chupa za rangi moja na 22 vya rangi nyingine. Vitawanye ovyo, uache miraba 20 tupu. Kanuni ni moja: kila kifuniko kinatazama majirani wake wanaokizunguka, nao hawazidi 8. Kama angalau theluthi moja ni wa rangi yake, kinatulia. Kama sivyo, kinahamia penye nafasi panapokifaa. Endelea hadi wote watulie.

Hakuna kifuniko kinachochukia rangi nyingine. Kila kimoja kingekubali kuishi kati ya wengi wa rangi nyingine, mradi kisiwe peke yake. Hata hivyo, mwishoni ubao hugawanyika katika vikundi vya rangi moja moja. NetLogo ina modeli hiyo tayari: watu wakitaka asilimia 30 tu ya majirani wanaofanana nao, kwa wastani wanaishia kuwa na asilimia 70 hivi.

Lakini hata hapa mwalimu mzuri hasimami kwenye mshangao. Anauliza: ni nini ambacho ubao haukuandikiwa? Huko Marekani, mitaa haikutengana kwa sababu ya mapendezi ya majirani tu. Kwa miaka mingi, mikataba ya nyumba iliwakataza Weusi kununua katika mitaa fulani, na mikopo ya nyumba iliwekewa alama nyekundu katika mitaa yao, hadi sheria ya mwaka 1968 ilipokataza ubaguzi katika nyumba. Vifuniko havijui benki wala sheria. Modeli inathibitisha kwamba mtengano unaweza kutokea hata bila chuki kubwa. Haithibitishi kwamba ndivyo ulivyotokea.

Goma haina duara

Kwa mwanafunzi wa Goma, kazi yenye faida zaidi pengine ni kuchukua mji wa Alonso na kuandika upya kila mstari usioendana na kwao.

Modeli inachora mji kama duara. Goma haina duara: kusini kuna Ziwa Kivu, mashariki mpaka wa Rwanda, kaskazini volkano ya Nyiragongo. Mji unapata nafasi zaidi kuelekea magharibi, upande wa Mugunga na Sake. Mwanafunzi akiziba pande hizo kwenye kioo, wakaaji wale wale wanabanana katika kipande kidogo, na kodi zinapanda kuliko katika duara kamili.

Modeli inasema kiwanja cha mbali na soko ni cha bei ndogo. Nyumba za kando ya ziwa, kama kule Himbi, zinakataa kanuni hiyo: wenye pesa wanalipia upepo na mandhari ya maji, si ukaribu wa soko.

SimCity inatenga nyumba na maduka, kila moja na eneo lake. Katika mitaa ya Goma, nyumba ya mbele ni butiki, ya nyuma ni chumba cha kulala, na uani kuna fundi. Mtu huyo hana gharama ya njia kabisa.

Modeli haina hatari ya moto wa mlima. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliingia hadi katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama kwenye mitaa ya kaskazini. Baada ya 2002, watu walijenga tena juu ya mawe yale yale. Mwanafunzi atalazimika kuamua: je, bei ya kiwanja inakumbuka hatari kwa muda gani?

Na zaidi ya yote, modeli ya mji ulio wazi inadhani kwamba watu wanaingia kwa sababu maisha ya mjini ni bora. Goma imepokea watu wengi mno waliokimbia vita vya vijijini. Hawakulinganisha kodi na njia. Mstari wa kanuni unaoongoza kuingia kwao hauwezi kuwa ule wa kitabu cha Marekani, na tumeona kwamba mstari huo mmoja unatosha kubadilisha jibu juu ya nani anafaidika.

Kazi ya namna hii si ngeni. Katika maktaba ya NetLogo kuna modeli juu ya Tijuana, mji wa Meksiko ulio mpakani mwa Marekani, yenye wahamiaji wanaofika, mitaa inayojengwa bila mpango, na mpaka ambao wengine wanauvuka. Imefunguliwa, inasomeka, na inaweza kubadilishwa. Mji wa mpakani wa Kivu unaweza kuanzia hapo badala ya kuanzia Boston.

Maswali matatu kabla ya kubonyeza

Mwalimu wa uchumi hahitaji chumba kilichojaa kompyuta. Mashini moja inayozungukwa na wanafunzi kadhaa inatosha, na siku umeme unapokosekana, ubao wa dama unabaki. Kinachohitajika ni mwanafunzi kujibu mambo matatu kwa maandishi kabla ya kubonyeza kitufe: kanuni za mji huu ni zipi, ni nani ama nini kimeachwa nje, na yeye mwenyewe anategemea kuona nini. Kisha abadilishe kitu kimoja tu kwa kila jaribio, na aandike jibu lilipogeuka.

Siku atakapokaa mbele ya kiongozi anayetaka kubomoa mtaa kwa sababu kompyuta ya mshauri fulani imesema hivyo, atajua la kuuliza: waliobomolewa wanakwenda wapi katika hesabu hiyo? Kama jibu ni kwamba wanatoka kwenye kioo na hawaonekani tena, mashini haijapata dawa ya umaskini. Imeacha tu kuwahesabu maskini.